Gari Langu Linanipa Pumzi, Lakini Linakula Mafuta. Nilibadilishe?

Shangazi, shikamoo.

Naisoma safu hii siku zote na sikuwahi kufikiri kwamba ningeandika. Shida za wenzangu ni ndoa, ugonjwa, misiba. Yangu ni gari. Lakini wiki iliyopita nilijikuta nimekaa ndani yake usiku, nimelizima, nalia, nikajua kwamba kuna kitu kinanisumbua na sijui kukieleza kwa mtu wa nyumbani.

Mimi ni muuguzi, nina miaka 36, mume na watoto wawili. Miaka minne iliyopita nilinunua Suzuki Swift Sport ya mwaka 2013, injini ya 1.6, gia sita za mkono. Niliidunduliza pesa yake zaidi ya miaka mitatu, kwa zamu za ziada nilizofanya wenzangu wakiwa wamelala. Ndicho kitu kikubwa pekee nilichowahi kununua bila kuchangiwa na mtu, na kadi ina jina langu. Usukani una mshono mwekundu. Ile ramani ya gia iliyochorwa juu ya mkono wa gia imeanza kufutika kwa kiganja changu.

Wakati nalinunua, kazini palikuwa kilomita saba tu kutoka nyumbani. Mwaka jana nikahamishwa. Sasa naendesha kilomita 46 kwenda na 46 kurudi, siku kama 22 kwa mwezi. Sehemu kubwa ni barabara kuu, ila kuna kilima chenye kona tisa. Gari linanipa kilomita 11 kwa lita. Tangi ni la lita 42, kwa hiyo kila siku ya nne au ya tano niko kituo cha mafuta, na kwa kuwa kitabu chake kinataka petroli ya okteni ya juu, kila lita inaniuma zaidi.

Mume wangu ni mtu mwema na mwenye hesabu. Kwa miezi kadhaa amekuwa akiniambia kwamba tunachoma hela ili mimi nisikie mngurumo. Mwezi huu amempata muuzaji aliye tayari kulichukua langu na kutupa Swift ya kawaida, injini ya 1.2, ya mwaka 2016, gia otomatiki. Mume wangu anasema, "Ni gari lile lile, sura ile ile, ila mafuta nusu." Sisi tutaongeza pesa juu. Nimeigeuza pesa hiyo kuwa mafuta kwa bei ninayonunua, ikaja kama lita 1,400.

Nilikwenda kulijaribu. Mguu wangu wa kushoto ulitafuta klachi mara tatu. Nilipokanyaga mafuta kwenye mwinuko, mshale wa mizunguko ulipanda ukatulia palepale, na injini ikaguna sauti moja mpaka juu. Muuzaji aliyekaa pembeni akasema, "Unaona lilivyo tulivu?" Nikaitikia. Ni kweli, ni gari zuri. Niliporudi kwenye langu nilikaa muda mrefu bila kuliwasha.

Shangazi, usiku mzima wodini naitwa "nesi". Nikifika nyumbani naitwa "mama". Katikati hapo nina dakika hamsini ambazo hakuna anayeniita. Kwenye zile kona nashusha gia kutoka ya nne kwenda ya tatu, injini inapanda, nahisi gari limeishika barabara, na kitu kifuani kinafunguka. Siku moja tulifiwa na mgonjwa mdogo alfajiri. Nililia kuanzia kona ya kwanza. Kufika ya tisa nilikuwa nimetulia, nikaingia nyumbani nikawavisha watoto sare za shule.

Kuna jingine la aibu. Nimekuwa naficha risiti za mafuta kwenye kisanduku cha dashibodi, chini ya kitabu cha gari. Juzi mwanangu wa mwisho alikifungua, akazitoa zote kwa mikono miwili akauliza, "Mama, hizi ni tiketi?" Baba yake alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno. Tangu siku hiyo tunaongea mambo ya watoto tu.

Muuzaji ametupa mpaka mwisho wa mwezi. Je, nina haki ya kushikilia raha yangu wakati mahitaji ya watoto yanaongezeka? Na nikilitoa, sitakuja kumlaumu mume wangu kila nikipita kilima kile?

Ni mimi,
Dereva wa Zamu ya Usiku

*

Marahaba, binti yangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama mahali pamoja: pale mtoto alipouliza kama zile ni tiketi. Nadhani hata wewe ulijua hapo ndipo penye uzito, ndiyo maana umepaweka karibu na mwisho, baada ya kunieleza mizunguko ya injini na lita za tangi.

Nikikuelewa vizuri, una mambo matatu yaliyofungwa kwenye kifurushi kimoja. Lipo gari linalotumia mafuta mengi kuliko mfuko wa nyumba unavyopenda. Zipo dakika hamsini ambazo ndizo pumzi yako ya siku. Na pana ukimya ulioingia kati yako na mumeo tangu risiti zilipotoka kisandukuni. Muuzaji anaweza kukusaidia kwenye lile la kwanza tu. Ukimpa gari ukitegemea atamaliza yote, naogopa utarudi nyumbani na gari jipya, mengine mawili yakiwa palepale.

Tuanze na hesabu, kwa sababu naona hapo mmekuwa mkirushiana maneno bila namba. Mumeo anasema mafuta yatapungua kwa nusu. Nilimpelekea fundi mmoja ninayemwamini maelezo yako, na jambo la kwanza alilofanya ni kutafuta namba za kiwandani. Kwa JC08, kipimo rasmi cha ulaji wa mafuta ambacho Japani ilikuwa ikikitumia kabla ya kuhamia kipimo kipya kiitwacho WLTC, Sport ya gia za mkono ya kizazi chako iliandikiwa kilomita 14.8 kwa lita, na Swift ya 1.2 ya otomatiki kilomita 20.6. Kipimo hicho hufanyika maabara, gari likizungusha magurudumu juu ya roli, bila upepo wala kilima chako. Ndiyo maana wewe unapata 11 na wala gari lako halina ubovu. Usizichukue namba zenyewe. Chukua uwiano wake. Ukiutia uwiano huo kwenye 11 yako, la kawaida linakuja kwenye kilomita 15 hivi kwa lita.

Sasa tazama mwezi wako. Siku 22 mara kilomita 92 ni kilomita 2,024. Gari lako linatumia lita 184. La kawaida lingetumia kama lita 135. Tofauti ni lita 49 kwa mwezi, yaani zaidi kidogo ya tangi moja. Si kidogo hata kidogo, na nisingependa uidharau. Lakini nusu haipo. Ni zaidi kidogo ya robo.

Na ile pesa ya juu? Umeniambia ni sawa na lita 1,400. Zigawe kwa 49, unapata miezi 28 na ushee. Kwa zaidi ya miaka miwili, basi, mtakuwa mnarudisha tu kile mlichotoa, kisha akiba ya kweli ianze. Yapo yanayoweza kuufupisha muda huo. Injini ya 1.2 haidai okteni ya juu, kwa hiyo kama wewe hulipa zaidi kwa kila lita, ongeza tofauti hiyo. Sport inavaa tairi za 195/45 za rimu ya inchi 17, na hilo la kawaida mara nyingi huvaa 165/70 za inchi 14 au 175/65 za inchi 15, ambazo karibu kila mahali huuzwa kwa bei nafuu zaidi. Bima nayo iulize, maana yapo makampuni yanayoyatoza zaidi magari ya mwendo. Na yapo yanayoweza kuurefusha, nayo nitayafikia.

Naomba kalamu ishikwe na nyinyi wawili. Mkokotoo huu umeupata kwangu, na ukimpelekea mumeo kama kauli ya Shangazi nitakuwa nimekuongezea ugomvi. Anza na kuipima hiyo 11 yako vizuri. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, usiongeze tone, kisha rudisha kipima safari kwenye sifuri. Endesha kama kawaida yako. Ukirudi kujaza, katika pampu ileile ikiwezekana, gawa kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Fanya hivyo matangi matatu. Tangi moja hudanganya, kwa sababu gari likiinama kidogo tu pale kituoni lita mbili zinaweza kupotea kwenye hesabu.

Kisha jaribu tangi moja ukiendesha kwa namna nyingine. Sikuambii uache kona zako. Nakuambia utazame zile kilomita nyingine za barabara kuu. Unakwenda mwendo gani pale? Ukuta wa hewa unaosukumwa na gari hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka 80 kwenda 100 kwa saa, upepo unakuzuia kwa nguvu iliyozidi kwa asilimia 56. Una gia ya sita; ipe nafasi mapema. Pima upepo wa tairi asubuhi kabla hazijapata moto, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Na kama wewe ni miongoni mwa wanaotia nyutro kwenye mteremko wakidhani wanabana mafuta, acha. Ukishuka ukiwa kwenye gia na mguu umeachia mafuta, kompyuta ya injini hukata petroli kabisa. Ukitia nyutro inabidi iendelee kunyunyiza ili injini isizime, na breki zako zinabeba mzigo peke yake. Fundi anasema wengi hushangaa wanachokipata kwa haya tu. Sijui wewe utapata ngapi, pampu itakuambia. Ukitoka 11 ukafika 12.5, tofauti ya lita 49 inashuka mpaka kama 27, na ile miezi 28 inakuwa zaidi ya miaka minne. Ukibaki kwenye 11 hata baada ya kujitahidi, hiyo nayo ni habari, na inampa mumeo haki yake.

Sasa niiguse hii kauli ya "gari lile lile". Naelewa kwa nini anaisema. Ukiyaweka yote mawili uani, taa ni zilezile, milango ni ileile. Lakini lako lina nguvu farasi 136, na injini yake inazitoa zote karibu na mizunguko 6,900. Lile lina 91. Lako lina uzito wa kilo kama 1,050, lile liko chini ya tani. Springi na shokabu ni tofauti, breki za nyuma pia huenda zikawa tofauti. Na ile sauti moja uliyoisikia kwenye mwinuko si ubovu. Otomatiki ya namna ile, CVT, haina gia za kupanda ngazi. Ina mkanda kati ya puli mbili zinazojitanua na kujibana, na kompyuta huishikilia injini pale inapofanya kazi kwa unafuu. Ndiyo siri ya uchumi wake. Mguu wako wa kushoto haukukosea kumtafuta rafiki yake.

Kwa hiyo unapohisi unaombwa kutoa kitu halisi, unahisi sawasawa. Huna haja ya kujiona mtoto. Wakati huohuo, naomba nikuulize swali bila kukusukuma. Ile pumzi, unaipata kwenye injini, au kwenye upweke? Umeniandikia habari ya gia ya tatu, lakini umeandika pia kwamba ni dakika hamsini ambazo hakuna anayekuita. Hayo ni mambo mawili yaliyopanda gari moja. Ukiendesha gari tulivu peke yako kwenye barabara ileile, kiasi gani cha pumzi kitabaki? Huenda ni robo, huenda ni karibu yote. Mimi siwezi kujua, na nadhani hata wewe bado. Jaribio lako na muuzaji lilikuwa dakika chache, mgeni kakaa pembeni anakusifia bidhaa. Hapo mtu hapumui. Kama yupo ndugu au mwenzako kazini mwenye gari dogo la otomatiki, mwombe mbadilishane siku mbili. Urudi nalo kutoka zamu. Pita kona zako zote tisa.

Na hapa, mwanangu, niruhusu niseme jambo linalonitia hofu zaidi ya mafuta. Unatoka zamu ya usiku, hujalala, wakati mwingine machozi yamejaa, ukiingia kilima cha kona tisa. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linatembea mita 22 kila sekunde moja. Usingizi wa kuibia wa sekunde tatu ni mita 66 bila dereva, na ubongo uliokesha hauombi ruhusa kabla ya kusinzia. Wewe ni muuguzi, umewapokea walioletwa hivyo. Hili haliangalii gari ni jepesi au ni la nguvu. Kabla ya kuondoka lala dakika 15 au 20 kwenye kiti, milango imefungwa. Siku mliyofiwa na mgonjwa, lia kwanza ukiwa umeegesha. Kona hazikimbii. Na tafuta japo mtu mmoja wa kazini wa kumweleza usiku wa namna ile, kwa sababu gari limekuwa likibeba peke yake mzigo ambao mtu angekusaidia kuubeba.

Turudi kwenye njia zilizo mbele yako, maana si mbili tu.

Kulikubali badilisho kuna faida uliyoiona. Hatari yake ni kwamba unatoa gari unalolijua kwa gari usilolijua. Langu ni swali dogo: gari lako lina historia, mafuta ya injini umebadilisha wewe, plagi umeweka wewe. Lile la 2016 nani analijua? Kabla ya kusaini chochote lipeleke kwa fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Aangalie namba ya chesisi kama inalingana na kadi. Ajue kama mafuta ya CVT yalibadilishwa, na kwa aina inayotakiwa na kiwanda, maana otomatiki hizi hazisamehi mafuta ya kubahatisha. Uliendeshe mpaka lipate moto kabisa, uondoke taratibu kutoka kusimama, usikilize kama linatetemeka. Gia ya CVT ikifa, miaka yenu miwili ya kurudisha pesa inaanza upya. Na usikabidhi ufunguo wa lako kabla karatasi za umiliki wa lile hazijahama na kuthibitishwa kwamba hakuna mtu anayelidai.

Kubaki nalo nako kuna gharama ambayo hesabu yangu ya lita haikuigusa. Gari lako linaongeza zaidi ya kilomita 24,000 kwa mwaka kwa kazi tu. Tairi zake za inchi 17 zitakuja kudai, na bei yake sokoni itashuka kwa kadiri kilomita zake zinavyopanda. Hata hivyo, Sport ya gia za mkono iliyotunzwa ina watu wake wanaoitafuta, na ukishaiachia si rahisi kuipata nyingine iliyo safi. Ya kawaida ukiihitaji mwakani, utaikuta. Sikusukumi upande wowote kwa kusema hivi. Ninachosema ni kwamba huu mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi wa muuzaji. Wewe na mumeo mna kalenda yenu.

Ipo njia ya katikati ambayo sijui kama mmeifikiria. Swift hiyohiyo ya 1.2 ilitengenezwa pia na gia tano za mkono. Haina ngurumo ya Sport, lakini mguu wa kushoto una kazi, na injini ndogo nyepesi inakuruhusu kuikanyaga mpaka mwisho bila kuvunja sheria ya mwendo. Wapo madereva wazuri wanaoipenda kuliko gari lenye nguvu ambazo hawapati pa kuzitumia. Mkiwaza haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme, mjue kwamba faida yake kubwa huonekana kwenye foleni na kusimama-simama, ambako breki huirudisha nishati kwenye betri. Kwenye barabara kuu iliyonyooka kama yako tofauti hupungua. Au mwenzako mmoja wa zamu akae nawe siku mbili kwa wiki mkachangia mafuta, nawe siku zilizobaki uwe peke yako. Hilo unaweza kulianza kesho, na ukilichoka unaliacha kesho kutwa.

Sasa mumeo. Umeniambia ni mtu mwema na mwenye hesabu, nami nakuamini. Lakini soma tena ulivyoandika: anaposema "tunachoma hela", hela ni zenu wote, anaposema "ili wewe usikie mngurumo", raha ni yako peke yako. Kwa macho yake huenda ndivyo ilivyo kweli. Hajui habari ya kona ya tisa. Je, ulishamwambia kuhusu mgonjwa yule? Nina mashaka kwamba hujamwambia, kwa sababu ulifika nyumbani umeshatulia, na hiyo ndiyo kazi ambayo gari lilikufanyia. Yeye anaona risiti. Haoni kinachonunuliwa na zile risiti. Na wewe ulipozificha ulimthibitishia kwamba hata wewe unaona hakuna cha kutetea.

Ningekuwa karibu yako ningekuomba uzitoe zote, uziweke mezani, uzipange kwa tarehe mbele yake, watoto wakiwa wamelala. Usianze na kujitetea. Sema, "Nilizificha kwa sababu niliogopa." Kisha umweleze dakika hamsini. Anaweza akakasirika, risiti zilizofichwa humfanya mtu ajiulize kama kuna vingine vilivyofichwa, na itabidi umvumilie hapo. Anaweza pia akakueleza hofu yake, kwa sababu mwanamume anayerudiarudia hesabu kwa miezi mara nyingi ana tarehe fulani kichwani inayomnyima usingizi. Muulize: hizo lita 49 za kila mwezi amezipangia nini? Kama ana jambo mahsusi, ada, deni, paa, basi hampimi tena gari dhidi ya gari. Kama hana, naye atalisikia jibu lake mwenyewe.

Halafu mpakize. Umekaa na gari miaka minne na katika barua nzima sijaona mahali alipokaa kiti cha pembeni. Chagua siku ambayo umelala vizuri, mpande kile kilima asubuhi, mwendo wa kawaida, usimwoneshe ubingwa. Kwenye kona shusha gia kama unavyofanya, unyamaze. Asipohisi chochote, usimkasirikie. Moyo wa mtu hauko kwenye mkono wa gia kwa kila mtu. Lakini atakuwa amekuona ukiwa huko, na sidhani kama amewahi.

Umeniuliza kama una haki. Neno hilo linaniuma kidogo, kwa kuwa huulizi hivyo kuhusu usingizi wala maji. Unawahudumia watu usiku, unawavisha watoto asubuhi, na una kitu kimoja kinachokurudishia nguvu. Kukihesabia gharama ni busara. Kukiombea msamaha ni jambo jingine. Na kuhusu lawama: mtu humlaumu mwenzake kwa alichonyang'anywa, na kwa alichotoa kabla hajasikilizwa. Ukilitoa gari baada ya mazungumzo yale ya mezani, kwa mkono wako, unaweza kupita kilima ukaikumbuka Sport bila kumkumbuka mumeo kwa ubaya. Ukilitoa kwa aibu ya risiti, sina hakika. Na ukibaki nalo kwa ubishi, kila tangi utakalojaza litakuwa na mtu wa tatu amesimama pale kituoni.

Matangi matatu kwa mwendo wako ni kama wiki tatu. Muuzaji mwambieni mnapima. Ukishapata namba ya tatu niandikie, na uniambie pia alisema nini mlipofika kona ya tisa.

Wako,
Shangazi